Aliyejua Kuchoma Flashi

Mwalimu Flashi alisomea kufundisha jiografia. Hilo tuliweke wazi mapema, maana ukimkuta siku ya kazi kule stoo, amezungukwa na kompyuta zilizopasuliwa matumbo na waya zinaning'inia, utaapa kuwa ni fundi redio aliyepotea njia akaingia shuleni. Sivyo kabisa. Huyu ni mwalimu wa haki, wa chuo, aliyekuwa akisimama mbele ya darasa na kueleza jinsi mto unavyoanza kama kijichirizi mlimani, unavyokua na kuzila kingo zake, mpaka yule mtoto wa dawati la nyuma aliyezoea kusinzia anaamka na kuuliza swali. Watoto walikuwa wakimgombania. Halafu zikaja zile kompyuta.

Zililetwa na lori, msaada kutoka maofisi yaliyokuwa yamenunua mpya. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mchangamfu, mnene wa sauti kuliko wa mwili, alitoa hotuba, walimu wakapiga makofi, watoto wakaimba. Zikapangwa mezani, zikaunganishwa na umeme, zikawashwa. Kioo cheusi. Na kwenye weusi ule mstari mmoja wa maandishi ukilalamika kwamba hakuna diski. Kumbe wenyewe kabla ya kuzitoa walizing'oa diski zote, siri za ofisi zao zisije zikasomwa na watu. Walitoa mwili, roho wakabaki nayo. Wageni walikuwa bado wamekaa kwenye viti vyao wakingoja kuona maajabu, na Mwalimu Mkuu jasho linamtoka.

Sasa ni nani aliyemtuma mwalimu wetu kufungua mdomo? Hakuna. Alijituma mwenyewe. Alisimama akasema kompyuta isiyo na diski inaweza kuwashwa kwa flashi, mradi mtu ajue kuiandaa. Kwamba chuoni alikaa chumba kimoja na kijana mmoja mgonjwa wa kompyuta, akamwona akifanya hivyo. Akahangaika siku chache, akapata faili moja kubwa lililobeba kila kitu kwa pamoja: mfumo wenyewe wa kuendesha kompyuta, michezo ya hesabu, ramani za dunia, mazoezi ya kuchapa, na vitabu tele vya kusoma bila intaneti. Akaichoma flashi yake, akaichomeka, kompyuta ikawaka. Watoto walipiga kelele hadi majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Mwalimu Mkuu alimkumbatia mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika.

Hapa tuelewane kidogo, nisije nikakuacha njiani. Kuchoma flashi si kwa moto; ni neno tu lililobaki tangu enzi za kuchoma sidii. Lile faili kubwa ni kama gunia lililoshonwa. Ukilinakili na kulibandika kwenye flashi kama unavyobandika picha za harusi, linakaa mle limeshonwa vilevile, na kompyuta itakukodolea macho. Ni sawa na kumkaribisha mgeni mwenye njaa ukamwekea gunia la unga mezani. Kuchoma ndiko kulifungua gunia, kupika na kupakua: ipo programu maalumu inayolifumua faili na kuipanga flashi upya yote, ili kompyuta ikiigusa tu ijue pa kuanzia. Kila anayejifunza kazi hii huanza kwa kunakili. Ni kosa la siku ya kwanza, Mwalimu Flashi mwenyewe alilifanya, na mtu akishaelewa tofauti halirudii tena maisha yake.

Basi, kama kazi ingekuwa ni kuchoma mara moja na kwisha, tusingekuwa na hadithi. Lakini flashi ni vidude visivyo na shukrani. Joto linaziua. Watoto wanazichomoa kompyuta ikiwa katikati ya kazi. Wengine wanakwenda nazo nyumbani, wanafuta masomo yote na kujaza nyimbo, halafu wanazirudisha kwa adabu kabisa. Kila alfajiri alikuta mlangoni mwake bakuli la plastiki limejaa zilizokufa. Na Mwalimu Mkuu naye, kwa kuona fahari, akawaalika wakuu wa shule za jirani, akawaonyesha, akawaahidi. Kukataa hakujui yule mama. Mabakuli yakawa mifuko.

Vipindi vyake vikaanza kupunguzwa. Kwanza alisaidiwa vile vya mchana, ili apumue. Halafu vya asubuhi. Mwisho ratiba ilibandikwa ukutani haina jina lake popote, akaisoma mara mbilimbili akidhani macho yamemchezea. Alipokwenda kuuliza, Mwalimu Mkuu alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kufundisha kila mtu anaweza, lakini yeye amepewa kipaji cha kuhudumia shule nzima, na ni vipi atamrudisha kwenye chaki mtu wa thamani hiyo. Alivikwa kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Akatoka akisema asante.

Stoo yenyewe ilikuwa na dirisha zamani. Lilizibwa kwa matofali baada ya wezi kuingia, na mlango ukawekwa wa chuma. Mle ndani kulikuwa na madawati yaliyovunjika miguu, nyavu za mpira wa miguu, tufe la dunia lililopasuka bara zima, na meza yake yenye kompyuta moja ya kuchomea. Kazi ni kuchomeka, kubofya, kusubiri, kuchomoa, kujaribu, kuchomeka nyingine. Kusubiri ndiko kunakoua. Ukuta ulikuwa mwembamba, na upande wa pili kuna darasa, hivyo kutwa nzima alisikia wenzake wakifundisha. Siku moja mwalimu wa zamu aliwachanganyia watoto latitudo na longitudo, Mwalimu Flashi akavumilia, akavumilia, akashindwa, akagonga ukuta kwa bisibisi. Mwenzake akazunguka hadi stoo kwa huruma kumuuliza kama kuna kitu kimemwangukia. Ikabidi aseme ndiyo.

Utasema, si angemfundisha mwingine? Weee. Unadhani hakujaribu? Mwalimu wa hesabu alijifunza yote mchana mmoja. Alichoma, zikawaka, mwenyewe akafurahi kama mtoto. Kisha akamsikia Mwalimu Mkuu akisema ofisini kwamba sasa Mungu ameleta wa pili. Kesho yake mwalimu wa hesabu alikuwa amesahau kila kitu. Hata kitufe cha kuwashia alikitafuta kwa kupapasa. Mwalimu wa Kiingereza alipofika zamu yake, macho yalianza kumuuma kila akikaribia kioo. Mwingine alijitia hamnazo waziwazi, akasema yeye na umeme hawaivi. Katika ofisi ya walimu ilikuwa inajulikana bila kusemwa: anayejua anafungiwa, kwa hiyo usijue. Mwalimu Flashi hakuwalaumu. Angekuwa wao angefanya hivyohivyo. Lakini iliuma, maana hao walikuwa rafiki zake, na walipomkuta njiani walimpa pole kwa sauti ya kumpa mfiwa.

Nyumbani mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake iko chumba cha mbele, na wateja waliingia na kutoka. Siku moja Mwalimu Flashi alikuwa nyuma ya pazia akinywa chai, akamsikia mteja akimuuliza kitindamimba wao baba yake anafanya kazi gani. Binti akajibu kwamba anatengeneza flashi kule shuleni kwao. Mteja akashangaa, akasema alidhani ni mwalimu.

"Alikuwa," binti akasema, kama mtu anayesema habari za mvua ya jana.

Hakuwa na ubaya wowote yule mtoto. Alisema alichokiona. Alikuwa darasa la mwisho, mwisho wa mwaka anaondoka pale shuleni, na tangu ameingia hajawahi kumwona baba yake ameshika chaki. Watoto wenzake walimwita Flashi Ndogo. Mwalimu aliiweka chai chini. Mkewe alipoingia alimkuta ameshika tama, akamuuliza, akaelezwa. Yule mama si mtu wa maneno mengi. Alimwambia, "Baba watoto, nenda kadai darasa. Huyu akishaondoka, utakuja kumfundisha nani?"

Akapiga moyo konde, akaenda. Mwalimu Mkuu alimsikiliza vizuri tu, na tusimsingizie, alimwonea huruma ya kweli. Akampa ahadi: amtafute mtu, amfundishe, mtu huyo achome flashi mbele ya macho yake iwake, na yeye siku hiyohiyo atapewa jiografia ya darasa la mwisho. Darasa la bintiye. Mwalimu Flashi alirudi stoo miguu haigusi chini, kisha akakaa, akawaza ni mjinga gani wa kumkubalia shule nzima, furaha ikayeyuka.

Hapo ndipo alipoletwa Mgeni. Mgeni si jina lake, ni vile alivyokuwa mpya kuliko wote ofisini, na jina likamganda. Binti mwembamba, katoka chuo juzijuzi, mwenye sauti ya kubembeleza na mwendo wa mbio. Alipewa jiografia ya darasa la mwisho. Mwalimu Flashi alimsikia ukutani, maana ndilo darasa la jirani na stoo, na kwa mara ya kwanza hakutamani kugonga. Aliwafanya watoto wacheke halafu wakanyamaza wenyewe kusikiliza kinachofuata. Bintiye akija nyumbani ilikuwa ni Mgeni kasema hivi, Mgeni kafanya vile. Baba alisikia wivu, akajikaza kisabuni.

Na Mgeni alikuja stoo kwa miguu yake mwenyewe. Alitaka kujua kama ramani za kwenye kompyuta zinaweza kuongezwa mito. Akaona bakuli, akaona kazi, akauliza inafanywaje, kwa moyo mweupe kabisa, hana hili wala lile. Sasa hapa ndipo mimi ninapomlaumu mwalimu wetu, na nitamlaumu hata akinichukia. Alijua. Angeweza kusema, dada, usijifunze hii, ukijifunza umekwisha. Maneno machache tu. Badala yake alivuta kigoda, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akamkaribisha akae.

Flashi ya kwanza Mgeni alinakili faili, kama ilivyo ada. Kompyuta ikamkodolea macho. Mwalimu akampa mfano wa gunia la unga, Mgeni akacheka mpaka akashika ubavu, akachoma upya, ikawaka, na hakukosea tena. Alikuwa na akili ya kutisha. Ndani ya majuma machache alikuwa anajua kwa nini flashi fulani inakataa kompyuta fulani, na jinsi ya kuibembeleza. Alikuja kila akimaliza vipindi, na kwa mara ya kwanza tangu kuzibwa kwa dirisha lile, stoo ilikuwa na mazungumzo. Mwalimu alimpenda kama mdogo wake. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalonikera. Ofisini mwalimu wa Kiingereza alijaribu kumwonya kwa kumkanyaga mguu chini ya meza kila akizitaja flashi. Mgeni akadhani ni ufinyu wa nafasi, akasogeza kiti.

Mwalimu Mkuu akaja kuona. Mgeni akachoma mbele yake huku akieleza kila hatua, kwa furaha ya mtu anayeonyesha kazi nzuri. Ikapelekwa chumba cha kompyuta, ikachomekwa, ikawaka. Mwalimu Mkuu akapiga vigelegele kabisa. Akamkumbatia. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mambo yatakuwa hivi na hivi. Mgeni alikuwa bado anatabasamu aliposikia, tabasamu likabaki usoni halina kazi. Alidhani angekuwa anasaidia tu baada ya vipindi.

"Na darasa langu?" akauliza.

Akaambiwa darasa limepata mwenyewe, asiwe na wasiwasi, yeye amepewa jambo kubwa zaidi. Akageuka kumtazama Mwalimu Flashi. Mwalimu Flashi alikuwa ameinama anazungusha waya usiohitaji kuzungushwa.

Jumatatu Mwalimu Flashi aliingia darasani. Jamani, nisimnyime haki yake: ile siku ilikuwa tamu. Mwanzo chaki ilimkatikia mkononi, watoto wakamwangalia kama wanavyomwangalia mtu wa kurekebisha swichi. Akachora mto. Akauchora tangu kijichirizi, akawauliza kwa nini mto haunyooki, kwa nini unazungukazunguka na njia ipo. Wakaanza kubisha. Kabla ya kengele walikuwa wamesimama nusu, kila mmoja na jibu lake, na nyuma kabisa mkono mmoja uliokuwa umesitasita ukainuka, wa bintiye. Alimwita Mwalimu, kama wengine. Jioni kule nyumbani walibishana juu ya mito mpaka uji ukaganda, na mkewe akashona huku akitabasamu bila kuinua kichwa.

Yakapita majuma. Mwalimu Flashi alinenepa kidogo. Aliongea sana, alitembea katikati ya uwanja. Ila njia ya kupita stoo aliikwepa. Mara moja tu haikukwepeka, mlango ulikuwa wazi, akatupa jicho. Mgeni alikuwa amekaa, mikono mapajani, kompyuta inachoma, naye ameegemeza kichwa ukutani upande wa darasa. Alikuwa anasikiliza. Mwalimu aliujua mkao ule, jinsi shingo inavyokaa, kwa kuwa ni yeye aliyeuanzisha. Alijisemea atakuja kumsalimu kesho. Kesho akawa na masahihisho, keshokutwa akawa na jingine, na ukweli ni kwamba alimwogopa.

Kisha flashi zikaanza kugoma. Kwanza chache, watu wakasema ni joto. Halafu chumba cha kompyuta chote kikalala giza. Shule za jirani zikarudisha mifuko yao kwa manung'uniko, wakuu wao wakapiga simu, na Mwalimu Mkuu aliyekuwa ameahidi huku na huku akawa hana pa kuweka uso. Siku ya siku akatumwa mtoto kumwita Mwalimu Flashi katikati ya kipindi. Alikuwa anaeleza mto unapokutana na bahari. Akawaambia watoto wachore, anarudi sasa hivi.

Ofisini palikuwa na bakuli limejaa mezani. Mgeni alisimama pembeni, mikono nyuma. Alikuwa amepauka, na aliposalimu sauti ilitoka kavu, ya mtu asiyeongea na watu. Mwalimu Mkuu akaeleza kwa uchungu kwamba hakuna hata moja inayowaka, na binti anasema anafanya kama alivyofundishwa. Akamwomba aangalie tatizo ni nini.

Mwalimu Flashi akachukua moja, akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, akaifungua. Ndani lilikuwamo lile faili kubwa, peke yake, zima, limeshonwa. Limenakiliwa na kubandikwa. Akachukua ya pili. Vilevile. Ya tatu, ya nne, akachimbua chini kabisa ya bakuli. Zote ni gunia la unga mezani.

Alielewa palepale, na damu ikampanda kichwani. Huyu binti aliyekuwa anazibembeleza flashi sugu, aliyecheka kosa lile mpaka akashika ubavu, leo kalirudia bakuli zima? Hakusahau. Alikaa kule stoo akanakili moja moja kwa makusudi, akichagua kosa la mtu asiyejua lolote, kosa ambalo Mwalimu Mkuu hawezi kulitambua, na anayeweza kulisema ni mtu mmoja tu shuleni. Na mtu huyo ndiye angeitwa kutoa ushahidi. Amenichezea shere, akawaza. Ulimi ulishafika kwenye meno. Ilikuwa ni kusema tu: mama, huyu anajua kuliko mimi, anajifanya, mwambie achome moja sasa hivi nikiwa nimesimama hapa. Binti asingekuwa na pa kukimbilia. Yeye angerudi darasani kabla wino haujakauka kwenye madaftari, na bintiye amekaa pale nyuma.

Akainua macho amtazame vizuri kabla ya kumlipua. Mgeni hakuwa anaomba. Hakumkonyeza, hakutikisa kichwa. Alimwangalia tu, kama mtu aliyekwisha kufanya alichoweza na sasa anangoja aambiwe. Na Mwalimu Flashi akaona aibu. Aibu ile ya kukutwa na kitu cha mtu mkononi.

"Niambie ukweli, Mwalimu," Mwalimu Mkuu akasema. "Binti huyu anajua au hajui?"

Mwalimu Flashi akairudisha flashi kwenye bakuli. Kupitia dirisha la ofisi alisikia darasa lake limeanza kelele, watoto wamemaliza kuchora.

"Hajui," akasema. "Siku ile ulipokuja kuangalia nilikuwa nimeshamwandalia kila kitu. Nilitaka tu kutoka. Nisamehe."

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi ndefu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alizunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba moyoni alijua tu, hakuna kama yeye, Mungu hakuumba wa pili. Akamwomba aanze leo, maana shule za jirani zinasubiri. Jiografia ataichukua tena binti, kama yupo tayari. Mgeni akasema yupo tayari, kwa sauti ndogo sana.

Walikutana stoo, yeye anapokea funguo, binti anatoa. Mlango ulikuwa wazi na watu wanapita nje, kwa hiyo waliongea kwa chini. Hasira ilikuwa imemrudia, na nani asingekuwa nayo? Alimwambia amemtoa darasani kwa mtoto wake mwenyewe, kipindi kikiwa katikati.

"Ungeniambia tu," akasema. "Tungekaa, tungetafuta njia."

"Kama wewe ulivyoniambia?"

Mwalimu Flashi akazitazama funguo mkononi. Mgeni mwenyewe akawa wa kwanza kulia, akajifuta haraka kwa kiganja, akasema atakuja kila jioni baada ya vipindi wasaidiane, kama zamani, wawili mzigo utapungua. Alimaanisha. Na Mwalimu Flashi, Mungu ndiye anajua alivyotamani kusema karibu.

"Usije," akamwambia. "Ukionekana mara moja tu umeshika flashi ikawaka, tumekwisha wote. Wewe hujui kuchoma. Shika hapohapo."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akatoka, akapita nje ya ukuta, na baada ya muda mfupi sauti yake ikasikika upande wa pili, kavu mwanzoni, akiwauliza watoto wameishia wapi. Wakamjibu kwa pamoja, bahari. Mwalimu Flashi akawasha kompyuta, akachukua flashi ya juu kwenye bakuli, akaanza kufuta.

Jioni bintiye alimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya cherehani. Habari ilishaenea shuleni, hakukuwa na haja ya kumpa. Mkewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, akangoja. Mtoto hakuvua hata begi. Alisema kwamba Mgeni amewaendeleza pale walipoachwa na kwamba amefundisha vizuri, halafu midomo ikaanza kumcheza, akajizuia, maana ni mkubwa sasa.

"Kwani baba, shule nzima hakuna mwingine anayejua?"

Mwalimu Flashi alimwangalia usoni, kwa kuwa uongo wa namna ile ukiusema umeinama hauaminiki.

"Hakuna, mwanangu," akasema.